Ramani ya simu: nani mwingine anajua ulikopita?

 Leo tunaongea na nyinyi mnaoshika usukani: wa bodaboda, wa bajaji, wa Noah za abiria, wa malori ya mizigo. Na wewe utingo unayeshika simu ya dereva na kumwambia "kaka, kata kushoto", usiondoke, yanakuhusu.

Utauliza: jarida la afya na ramani ya kwenye simu, wapi na wapi? Subiri kidogo, utaona.

Kila tunapokaa na vijana, iwe kijiweni au darasani, kuongea habari za kupima VVU, magonjwa ya zinaa au uzazi wa mpango, kuna swali moja halikosi: "Nikienda, nani atajua?" Ndiyo maana kuna mtu anakaa Manyoni mjini, hospitali ya wilaya iko karibu, lakini anapanda gari hadi Itigi au Singida kuchukua dawa zake. Siyo kwamba dawa za huko ni tamu zaidi. Anataka tu asikutane na shemeji yake kwenye benchi la kusubiria.

Sasa mtu huyo kajificha kwa shemeji, kajificha kwa majirani, lakini mfukoni kabeba simu yenye ramani. Na ramani nyingine, kama hujaijua vizuri, huandika kila kitu: saa tatu asubuhi katoka nyumbani, saa nne kasoro robo kafika hospitali, kakaa dakika 50, kapitia duka la dawa, karudi. Ni kama daftari la mlinzi wa getini, ila mlinzi huyu halali na wewe ndiye unayemchajia betri.

Je, uache kutumia ramani? Hapana. Uache kwenda kliniki? Hapana kabisa! Cha kufanya ni kuchagua ramani isiyoandika daftari, na kuijua vizuri ile uliyonayo tayari.

SATELAITI HAIKUONI

Tuanze na jambo linalowachanganya wengi. Ukiwa kijiweni utasikia: "Satelaiti inakuona mpaka rangi ya shati." Si kweli. Satelaiti za GPS, ambazo ni za Marekani, huzunguka dunia kwa umbali wa kilomita 20,200 hivi juu yetu. Kazi yake ni kutuma mawimbi tu. Hazipokei kitu kutoka kwenye simu yako wala hazijui kama upo.

Fikiria redio. TBC Taifa wakisoma taarifa ya habari, mtangazaji hajui kama wewe umewasha redio yako kule Kilimatinde. Yeye anaongea, wewe unasikiliza. GPS ni hivyohivyo. Simu yako inasikiliza satelaiti zisizopungua nne, inapima mawimbi ya kila moja yamechukua muda gani kufika, halafu inapiga hesabu yenyewe: "Niko hapa." Hesabu hiyo inafanyika ndani ya simu, haihitaji bando wala vocha. Kwenye simu janja nyingi GPS inafanya kazi hata ukiweka hali ya ndege.

Basi anayesema ulipo ni nani? Ni programu. Simu ikishajua "niko hapa", programu ya ramani inachukua jibu hilo. Nyingine inakuonyesha kwenye kioo, basi, kazi imekwisha. Nyingine inakuonyesha, halafu inachukua nakala na kuituma kwa kampuni yake kupitia bando lako mwenyewe. Tofauti ya ramani na ramani iko hapo.

VITU VIWILI AMBAVYO RAMANI HAIWEZI KUFICHA

Tusidanganyane. Ramani nzuri siyo dawa ya kila kitu.

Kwanza, kampuni ya laini yako inajua uko karibu na mnara upi. Isingejua, simu isingeita. Ubadilishe ramani mara kumi, hilo litabaki palepale.

Pili, gari linaweza kuwa na kifaa chake cha kufuatilia. Mabasi ya mikoani yanafuatiliwa na LATRA kwa mfumo wao, na matajiri wengi wa malori wamefunga vifaa vyao. Hapo anayefuatilia anaangalia gari, na mwenye mali ana sababu ya kutaka kujua mali yake iko wapi. Ila kumbuka: gari likipaki nje ya kliniki, linaonekana limepaki nje ya kliniki. Paki stendi, tembea kwa miguu. Mguu haujafungwa kifaa.

DAFTARI LINAKWENDA WAPI?

Ramani inayoandika daftari inaweza kulihifadhi sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza ni ndani ya simu yako. Hapa anayeweza kulisoma ni yeyote anayejua namba zako za kufungulia simu.

Sehemu ya pili ni kwenye kompyuta za kampuni. Google Maps ina daftari linaloitwa Timeline, linaloonyesha siku kwa siku ulikwenda wapi, saa ngapi na kwa njia gani. Halijiwashi lenyewe, lakini wengi wetu simu ikiuliza swali tunabonyeza "kubali, kubali, kubali" ili tuingie haraka. Kwa miaka mingi daftari hilo lilikuwa linakaa kwenye kompyuta za Google. Desemba 2023 Google walitangaza kulihamishia ndani ya simu ya mtumiaji, na kwamba kwa anayeliwasha upya kumbukumbu zitajifuta baada ya miezi mitatu. Hiyo ni hatua nzuri. Lakini usisahau yaliyotokea kabla. Novemba 2022 kampuni hiyo ilikubali kulipa majimbo 40 ya Marekani jumla ya dola milioni 391.5. Lalamiko lilikuwa kwamba watu walizima kumbukumbu ya maeneo wakadhani yamekwisha, kumbe palikuwa na swichi nyingine, ile ya shughuli za mtandaoni, ambayo iliendelea kuandika. Somo letu: kuzima swichi moja siyo kuzima zote.

Na hao Google wenyewe wanajua uzito wa jambo hili. Julai 2022 walitangaza kwamba mtu akionekana amefika sehemu kama kliniki ya uzazi, makazi ya waliokimbia ukatili wa nyumbani au kituo cha kutibu uraibu, watafuta kumbukumbu hiyo. Mtu hafuti kitu kisichoweza kumdhuru mwenzake.

Sehemu ya tatu ndiyo mbaya zaidi: sokoni. Kuna kampuni ambazo biashara yao ni kununua na kuuza habari za watu walikopita. Zinazipata kwenye programu za kawaida kabisa: za hali ya hewa, michezo, tochi, hata za kufuatilia familia. Mfano ni kampuni ya Marekani iliyoitwa X-Mode. Kwa maelezo ya tume ya biashara ya serikali ya nchi hiyo, kampuni hiyo ilifanya mkataba wa kutoa habari za watu waliokwenda kwenye kliniki fulani za eneo la Columbus, jimbo la Ohio, halafu wakapita duka la dawa. Umeona? Kliniki, kisha duka la dawa, ile ile safari ya mtu wetu wa Itigi. Januari 2024 tume hiyo iliipiga marufuku kampuni hiyo kuuza habari za watu waliofika sehemu nyeti kama hizo.

"LAKINI DAFTARI HALINA JINA LANGU"

Hivyo ndivyo wauzaji wanavyojitetea: "Tumeondoa majina, ni namba tu." Mwaka 2013 watafiti walichunguza safari za watu milioni 1.5 katika nchi moja ya Ulaya, zikiwa hazina majina. Walikuta kwamba ukijua sehemu nne tu alizokuwepo mtu na saa alizokuwepo, unatosha kumtenganisha na wenzake katika watu 95 kati ya kila 100.

Hao ni watu milioni moja na nusu. Sasa njoo kwetu. Simu inayolala nyumba fulani Majengo, asubuhi inasimama kijiwe fulani cha boda, Jumapili inakwenda kanisa fulani, na kila baada ya muda inakwenda Itigi hospitali. Nani hapa mjini atashindwa kusema huyo ni nani?

"MIMI SINA CHA KUFICHA"

Sawa, hongera. Lakini jiulize: kwa nini chumba cha daktari kina pazia? Kwani ndani kunafanyika kosa? Pazia lipo ili mgonjwa aweze kusema ukweli wake bila woga. Mtu akijua anachunguliwa hasemi, na asiposema hatibiwi. Kijana mwenye dalili za kisonono anayeogopa kuonekana kliniki ataishia kununua vidonge viwili vitatu kwa kubahatisha. Dalili zitapoa, ugonjwa utabaki na utaendelea kuambukiza. Mwenye VVU anayekosa siku yake ya dawa kwa kuogopa kuonekana anaumia mwilini.

Kwa hiyo siri hapa ni sehemu ya tiba.

ANAYESOMA DAFTARI MARA NYINGI UNAKULA NAYE

Tuwe wakweli: wengi wetu hatutafutwi na kampuni ya Ohio. Anayetutafuta tunamfahamu. Ni mpenzi anayepekua simu ukiwa bafuni. Ni kaka mtu mwenye wivu na dada yake. Ni rafiki aliyeazima simu kidogo, au fundi simu uliyemwachia na namba za kufungulia.

Siku hizi kuna mtindo wa "nitumie lokesheni yako kama kweli unanipenda". WhatsApp inaweza kumwonyesha mwenzako ulipo, ukitembea anakuona, kwa dakika 15, saa 1 au saa 8. Google Maps nayo ina kushirikisha mahali ulipo, na hiyo unaweza kuiacha wazi bila mwisho mpaka uizime mwenyewe. Kwa safari ya usiku, dereva kumwonyesha mke wake yuko wapi ni jambo zuri. Lakini mtu kulazimishwa kuonyesha kila hatua, mchana na usiku, huo siyo upendo, ni ulinzi wa mfungwa. Msichana anayechungwa hivyo atakwendaje kliniki ya uzazi wa mpango?

Tahadhari moja, dada: kama mwenzako ni mtu wa kupiga, usizime ghafla kabla hujafikiri usalama wako, kwa sababu kuzima kwenyewe anaweza kukuona. Ongea kwanza na mtu unayemwamini, afisa ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Kwa mambo ya watoto, namba 116 ni bure.

SASA NICHUKUE RAMANI GANI?

Kabla ya kupakua ramani yoyote, iulize maswali matano:

1. Je, inanilazimisha kufungua akaunti? Ramani isiyojua jina lako wala namba yako haina jina la kuandika juu ya daftari.

2. Je, inafanya kazi bila intaneti? Kama ramani yote iko ndani ya simu, hakuna sababu ya kuuliza kompyuta ya mbali njia ya kwenda Itigi.

3. Inapata wapi pesa? Kama ni matangazo, basi kuna mtu anataka kujua wewe ni nani na unapita wapi. Kama ni michango au unainunua, afadhali.

4. Inaomba ruhusa gani? Ramani inahitaji kujua mahali ulipo. Ikiomba na orodha ya majina yako, meseji na kipaza sauti, iulize: vya nini?

5. Nani anaimiliki leo? Programu huuzwa kama viwanja.

Hilo la tano lina kisa chake. Palikuwa na ramani moja nzuri, Maps.me, iliyopendwa kwa sababu ilifanya kazi bila intaneti. Mwaka 2014 ilinunuliwa na kampuni ya Urusi, Mail.Ru. Mwaka 2020 ikauzwa tena kwa wengine. Baadhi ya waanzilishi hawakupendezwa na ilikoelekea. Kwa kuwa msimbo wake ulikuwa wazi kwa kila mtu, mwaka 2021 wakautumia kuanzisha ramani nyingine, Organic Maps.

Sasa tuziangalie moja moja.

Organic Maps: ni ya bure, haina matangazo, haiombi akaunti na haikufuatilii. Inaendeshwa kwa michango. Unapakua ramani mara moja, ukishamaliza hata ukiwa porini unapata njia na sauti ya kukuelekeza. Mapungufu yake ni kwamba haikuonyeshi foleni ya sasa hivi, na maduka mengi madogo hayamo. Lakini niambie ukweli, foleni ya Manyoni ni ipi?

CoMaps: ni ndugu yake. Ilizaliwa mwaka 2025 wachangiaji wa Organic Maps walipotofautiana kuhusu uendeshaji. Inafanana nayo kwa mengi na nayo haifuatilii mtu.

OsmAnd: ina mambo mengi zaidi, inawafaa wanaopenda kuchokonoa. Nayo inafanya kazi bila intaneti. Toleo la bure lina kikomo cha ramani unazoweza kupakua, na kwa anayeanza inaweza kumchanganya.

Google Maps: ina maduka, ghesti na vituo vya mafuta vingi, na inajua foleni za Dar es Salaam vizuri. Lakini imefungamana na akaunti yako, ile ile ya barua pepe na ya kupakulia programu. Unaweza kupakua eneo ukalitumia bila bando, ila bado ni ramani inayokujua jina.

Waze: tangu mwaka 2013 ni mali ya Google. Nguvu yake ni taarifa za foleni zinazoletwa na madereva wengine, na ili uzipate lazima uwe na intaneti.

Ushauri wetu? Kwa dereva wa huku kwetu, anza na Organic Maps au CoMaps iwe ramani yako ya kila siku. Ukienda Dar es Salaam na unataka kukwepa foleni, fungua Google Maps siku hiyo, halafu ifunge. Huhitaji kuapa kiapo, chagua tu chombo kwa kazi.

Kuna faida nyingine isiyohusu siri. Ukitoka Itigi kwenda Rungwa hadi Makongolosi, kuna vipande virefu vya pori na vichaka ambako mtandao unakata. Ramani inayotegemea bando inakuacha njiani. Iliyoko ndani ya simu inaendelea kama kawaida.

ITENGENEZE HIVI

- Tafuta wifi au subiri bando la bei nafuu, kwa sababu faili la ramani ni kubwa. Angalia ukubwa wake kabla ya kubonyeza. Pakua eneo lako na maeneo unayopita: Dodoma, Singida, Tabora, Mbeya.

- Pakua kwenye duka rasmi la programu. Usipokee faili la programu la kurushiwa kijiweni, hujui limechanganywa na nini.

- Ikiomba ruhusa ya mahali ulipo, chagua ile ya wakati unapotumia programu tu, siyo ya muda wote.

- Ingia kwenye mipangilio ya simu, upande wa ruhusa za mahali. Utaona orodha ya programu zote zinazojua ulipo. Tochi inayo? Mchezo wa mpira unao? Zinyime.

- Kama unabaki na Google Maps, bonyeza picha yako juu, tafuta Timeline, izime na ufute ya zamani. Kisha nenda kwenye akaunti yako uangalie na kumbukumbu ya shughuli za mtandaoni. Swichi ni mbili, kumbuka.

- Angalia kama unamshirikisha mtu mahali ulipo bila kukumbuka, kwenye WhatsApp na kwenye ramani pia.

- Usiweke alama ya "nyumbani" juu ya nyumba yenyewe. Weka kwenye njia panda ya jirani. Simu ikiibiwa, mwizi asielekezwe mpaka mlangoni.

- Hata ramani nzuri hukumbuka ndani ya simu sehemu ulizotafuta karibuni. Zifute. Na simu yako iwe na namba za kuifungulia ambazo siyo mwaka wako wa kuzaliwa.

RAMANI INAWEZA KUOKOA PIA

Tusiione ramani kama adui. Organic Maps, CoMaps na OsmAnd zote zinatumia ramani ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na inayochorwa na watu wa kujitolea dunia nzima. Hapa Tanzania mradi wa Crowd2Map, ulioanza mwaka 2015, umechora vijiji vingi ambavyo havikuwa kwenye ramani. Mkoani Mara, shirika la Hope for Girls and Women linaloongozwa na Rhobi Samwelly limetumia ramani hizo kuwafikia wasichana wanaokimbia ukeketaji. Ukeketaji hata sisi mkoa wa Singida tunaujua. Gari la kumwokoa msichana usiku haliwezi kufika kama hakuna anayejua njia ya kijiji chake.

Nawe unaweza kuongeza zahanati ya kijiji chako, kisima, shule, duka la dawa. Ila chora mahali, usichore watu. Zahanati iandike. Nyumba ya mama fulani anayeishi na VVU, au nyumba wanakohifadhiwa wasichana, usiandike hata kidogo.

SHERIA INASEMAJE?

Katiba yetu, Ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya kuisimamia ilizinduliwa rasmi tarehe 3 Aprili 2024. Chini ya sheria hiyo habari za afya ni taarifa nyeti. Una haki ya kuuliza ni habari gani zako zinashikiliwa, na haki ya kulalamika kwenye Tume kama zimetumiwa vibaya.

Na hili usilisahau: Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inamtaka mhudumu wa afya atunze siri yako. Baada ya marekebisho ya mwaka 2019, kijana wa miaka 15 na zaidi anaweza kupima VVU bila kibali cha mzazi.

MASWALI YENU

Swali: Nikienda kliniki si niache tu simu nyumbani?
Jibu: Unaweza, na ni njia rahisi kuliko zote. Ila kama unasafiri mbali au unaumwa, simu ni usalama wako. Ibebe, zima mahali ulipo, au tumia ramani isiyoandika.

Swali: Nikizima GPS, tajiri hatajua lori liko wapi?
Jibu: Atajua kama gari lina kifaa chake. Ulichozima ni cha simu yako. Na kifaa cha gari usikiguse, utapoteza kazi.

Swali: Mpenzi wangu anasema kuzima lokesheni ni kumsaliti.
Jibu: Muulize yeye angependa kuonyesha ya kwake kwa mama mkwe saa 24. Uaminifu hujengwa kwa mazungumzo. Na kama mnaogopana kuhusu magonjwa, nendeni mkapime wote wawili. Hilo ramani haiwezi kuwajibia.

LA MWISHO: MACHO BARABARANI

Ramani yoyote utakayochagua, ipange kabla hujawasha gari. Ukiwa kilomita 80 kwa saa, kila sekunde moja unakula mita 22. Ukiangalia kioo cha simu kwa sekunde tatu umeendesha mita 66 ukiwa kipofu, na ng'ombe wa barabara ya Singida hawapigi honi. Mwachie utingo simu, au weka sauti usikilize. Wa bodaboda, simama pembeni ndipo uangalie.

Haya, jioni hii kabla ya kulala fungua simu yako, ingia kwenye ruhusa za mahali, hesabu ni programu ngapi zinajua ulipo. Tuandikie idadi uliyokuta na ngapi umezinyima. Na kama kuna siku ya kliniki umekuwa ukiiahirisha kwa kuogopa kuonekana, nenda wiki hii. Safari njema.